Yah: Ombi la Samaki Mmoja wa Serikali

Kwa Mkuu wa Ofisi Husika,
Popote ulipo.

Ndugu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiye niliyeelekezwa. Kila dirisha nililosimama kuuliza nani anakagua mashine za uvuvi za mtumba kabla hazijauzwa, nimejibiwa kwa upole uleule: nenda ofisi husika. Waliotoza ushuru kontena lilipoingia wanakufahamu. Waliotoza leseni ya boti, wakajaza kwenye fomu kwamba chombo kina fishifainda, yaani mashine ya kutafutia samaki, wanakufahamu. Hata mgambo wa sokoni anakufahamu. Mlango wako tu ndio haujulikani, kwa hiyo nimeona nikufikie kwa njia ya gazeti.

Tulivyofika kwenye mtumba unajua. Tumehubiriwa uchumi wa buluu, tukaambiwa tuache kuvua kwa kubahatisha. Sawa. Babu zetu walipima kina kwa bildi na kuupata mwamba kwa kulinganisha mnazi na mnara wa msikiti. Leo mnazi umekatwa, mnara umezibwa na hoteli, na bei ya petroli hairuhusu mtu kuzungukazunguka akitafuta mwamba kwa kumbukumbu. Mashine mpya ya maana inakula hela ya injini. Basi tunaziendea zile zilizong'olewa kwenye boti za Japani na Ulaya, zikapitia Dubai, zikaja kupangwa mezani baina ya pasi na redio za magari.

Muuzaji anachomeka waya. Kioo kinawaka, samaki wanaanza kupita. Kina: mita 28. Fungu la dagaa linatokea kulia, chini yake wakubwa wawili wamelala juu ya mwamba, kengele inalia. Duka lipo ghorofa ya pili.

Hiyo ndiyo demo, na watengenezaji huiweka ndani ya mashine makusudi ili ioneshwe dukani. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba hapa kwetu demo ndiyo ukaguzi. Mashine isiyosikia tena hata mlio wa meli inacheza demo bila kukosea, kwa sababu demo haihitaji transdusa (kile kidude kinachotuma sauti majini na kuisikiliza ikirudi), haihitaji maji, haihitaji kitu ila umeme na mtu wa kudanganywa. Ukiomba izimwe uone ukweli, muuzaji anacheka: "Mzee wangu, kwani hapa bahari iko wapi?" Ukimwambia twende wote ufukweni, mashine haitoki dukani haijalipiwa. Na ikishalipiwa, juu ya kichwa chake pana kibao tunachokijua wote: mali ikiuzwa hairudishwi.

Kwa kuwa mashine haiwezi kuifuata bahari, naomba bahari iifuate mashine. Ofisi yako tukufu ijenge tangi la maji ya chumvi katikati ya soko la vifaa vya elektroniki, na ndani ya tangi hilo iajiri samaki mmoja.

Tangi liwe refu kwenda chini, mita sita hivi. Ndoo haifai. Sauti hukimbia majini kama mita 1,500 kwa sekunde. Ndani ya ndoo inagonga plastiki na kurudi kabla mashine haijamaliza hata kuituma, na kinachosomeka hapo ni upuuzi mtupu.

Kuhusu uteuzi, nguru asiitwe kwenye usaili. Kinachoonekana zaidi kwenye kioo ni kile kibofu cha hewa kilichomo mwilini mwa samaki kuliko nyama yake, na nguru hana kibofu. Papa naye hana. Lakini ofisi yako ina uzoefu mkubwa wa mapapa wasioonekana, sina la kuongeza. Napendekeza chewa. Kibofu anacho, na uwezo wa kukaa pangoni kutwa nzima bila kufanya lolote anao wa kuzaliwa, kwa hiyo semina elekezi haitahitajika.

Ajira yake iwe ya kudumu. Apewe namba ya utumishi na posho ya mazingira magumu, kwani atakuwa peke yake. Siku akiumwa awepo kaimu chewa mwenye barua. Mwisho wa mwezi mtu ashuke kuhakikisha yumo kweli, tusije tukawa tunamlipa chewa hewa. Asihamishwe kwa sababu za kisiasa. Asitumike kwenye hafla ya kumuaga mkurugenzi, si kwa kukaangwa wala kwa kupakwa. Habari ya kikokotoo cha mafao yake tutaizungumza akikaribia kustaafu. Tusimvunje moyo mapema.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Mnunuzi anakuja na mashine, demo inazimwa mbele ya mashahidi, transdusa inashushwa majini. Kioo kikionesha samaki mmoja, mashine inagongwa muhuri. Kikionesha fungu la dagaa, muuzaji aulizwe dagaa hao wameingia kwa kibali gani. Kisipoonesha kitu, chewa aguswe kidogo kwa ufito ili kuondoa shaka kwamba amelala kazini; akisogea na kioo bado ni cheupe, mashine irudi ilikotoka na fedha zirudi mfukoni. Kwenye utaratibu wote huo chewa hataulizwa chochote wala hatasema "njoo kesho". Atakuwa mtumishi wa kwanza katika safari yangu hii kunihudumia siku niliyofika.

Najua bajeti ni finyu. Wakati tangi linasubiri, sisi wenyewe tumejitungia ukaguzi wa kimaskini. Tunakwenda na betri yetu ya volti 12, maana ya muuzaji inaweza kuficha mengi. Tunachungulia pini za plagi kama zimeota kutu ya kijani. Tunaangalia ukungu ndani ya kioo. Ukiuona, jua maji yalishaingia. Tunaweka sikio kwenye transdusa: nyingi, zikiwa hai, husikika zikigonga tik, tik. Hapo unajua mdomo unafanya kazi. Sikio lake likoje, utajulia baharini.

Na hiyo ni pale transdusa inapokuwepo. Nyingi zilipachikwa kwenye tumbo la boti ya zamani na zimebaki hukohuko, kwa hiyo tunauziwa kichwa, na waya uliokatwa kwa kisu ukining'inia. Unaambiwa utatafuta transdusa yoyote. Yoyote! Mashine ya kilohezi 50 na 200 unaivisha transdusa ya 83, halafu unashangaa kwa nini mwamba wa jana leo ni tope. Naomba transdusa zote zilizoachwa Ulaya zirejeshwe chini ya mkataba wa kubadilishana wahalifu.

Naomba pia elimu ya watu wazima ifundishe Kijapani. Mashine ya kwanza ya kibiashara ya namna hii ilitoka Japani mwaka 1948, kwa hiyo hatushangai zile zilizotengenezwa kwa soko la kwao zikija na menyu za kwao, na ramani ya Hokkaido ambayo haina hata jiwe moja la Kilwa.

Naomba tena, kwa wenye GPS za zamani, leseni zitozwe kwa bei ya mwaka ulioandikwa kwenye kioo. Tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ya wiki ya mfumo ule ilifika ukomo wa wiki 1,024 ikaanza upya, na mashine ambazo hazikuandaliwa kwa hilo zikarudi mwaka 1999. Mahali zinapatia bado, wakati ndio umezishinda. Ofisi za umma zitaelewa.

Sasa nifike kwenye kile kidude cha rangi ya machungwa, EPIRB, kinachouzwa meza ileile. Muuzaji anakiinua na kusema hiki kinaita satelaiti ukizama. Cha masafa ya 121.5 hakiiti satelaiti yoyote: ziliacha kuyasikiliza tarehe 1 Februari 2009. Cha 406 kinasikika, lakini ndani yake mna namba ya boti ya zamani. Boti ikipinduka kwenye mlango wa Mafia, taarifa inakwenda kwenye nchi iliyokisajili, simu inapigwa kwa bwana mmoja anayekunywa chai kwake, naye anajibu kwa ukweli kabisa kwamba boti yake imefungwa gatini, haina tatizo. Nyie mnajua kuhesabu maboti siku ya leseni. Hamkosei hata moja. Siku ya maiti mnakuja na gari na kipaza sauti kutukumbusha tuvae majaketi, halafu mnasema marehemu walitumia vifaa visivyo na ubora. Mlivitoza ushuru! Vilipita mikononi mwenu kimoja kimoja, mkavipigia hesabu, mkavigonga muhuri, na hakuna aliyegeuza hata kimoja kusoma tarehe ya betri iliyoandikwa ubavuni.

Naomba radhi, Mkuu. Lugha imevuka mipaka ya barua za kiofisi. Narudi.

Mimi binafsi niliongezewa zawadi: kitangazia-boti cha AIS, kile kinachoonesha chombo chako kwenye ramani za meli kubwa zisikukanyage usiku. Nilishukuru. Kumbe namba yake huingizwa mara moja tu, na aliyeiingiza hakuwa mimi. Namba za Tanzania Bara huanza na 674. Yangu inaanza na 235, ambayo ni ya Uingereza. Kwa hiyo meli zinazopita usiku zinaiona mashua ya starehe ya Kiingereza ikivuta mishipi kwenye giza la Rasi ya Kunduchi. Kidude chenyewe sikizimi. Nahodha wa meli akidhani nina bima, atanikwepa kwa heshima zaidi.

Chewa naomba aajiriwe kabla kaskazi haijaanza kuvuma, ndipo mashine nyingi hununuliwa. Majibu nipewe kwa barua ya kawaida kupitia serikali ya mtaa. Tafadhali msinitafute kwa AIS. Huko nitaonekana sipo nchini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mvuvi, Kunduchi
(kwa mujibu wa kumbukumbu za meli: mwenye mashua ya starehe, Uingereza)