Upele wa Shemeji

Nyumbani kwetu hapa Kabongo tulikuwa watu tisa, tisa wote tunajikuna. Mchana tulivumilia, maana mbele ya wageni mtu hujifanya anatafuta kitu mfukoni. Usiku ndipo ngoma ilipoanza: vidoleni, kiunoni, kwapani, na kule kwingine ambako safu hii haifiki.

Nikanunua benzoati ya benzili, ile dawa nyeupe kama maziwa. Masharti yake mepesi: jipake kuanzia shingoni hadi nyayoni, lala nayo, kesho uoge. Mepesi kwa mtu asiye na ukoo.

Mama mkwe aliitazama ile chupa kwa jicho lile lile analonitazamia mimi. Akasema bila mawese dawa ya dukani hukausha ngozi. Mawese yakatangulia. Jirani akaleta malimau ya kusugulia. Shangazi akaagiza nioge kwanza maji ya moto, moto hasa. Naye shemeji, aliyefika kwa treni kutoka Kamina na sanduku la vidonge vya moringa na vitamini, akatoa hukumu: "Upele ni damu chafu, yaya. Vitatu asubuhi, vitatu jioni. Nakupa kwa bei ya ndugu." Bei ya ndugu ilizidi bei ya dawa, lakini nani atamkatalia kaka wa mkewe?

Nikawatii wote kwa usiku mmoja. Maji ya moto, limau kwenye michubuko, mawese, kisha dawa. Kelele niliyopiga ilimleta jirani mbio, kiti begani, akidhani tuna matanga.

Asubuhi nilikwenda kwa anfirmie, yaani muuguzi, nikimshtaki shemeji: vidonge vyake vimegombana na dawa yangu. Anfirmie akacheka hadi akavua miwani.

"Papa, dawa ya kupaka huingia damuni kidogo tu. Hivyo vidonge havikugombana na kitu. Ila havitaua kidudu hata kimoja, kwa sababu hakikai damuni, kinachimba ngozi. Kilichokuunguza ni limau na yale maji ya moto. Na juu ya mawese dawa itashika wapi? Ngozi iwe safi, kavu, imepoa. Ningekupa ivermektini ya kumeza, hapo ndipo ningekuuliza unakunywa nini. Ningeanzia na lutuku, ile pombe kali."

Nikanyamaza. Swali la lutuku halikunihusu sana.

Akaniambia pia kwamba mtu mzima mwenye upele wa kawaida huwa na vidudu kama kumi au kumi na tano tu mwilini. Kumi na tano! Nimelipia vidonge, malimau na mawese kupigana na kundi lisilojaza hata benchi la kanisa. Tena anayeupata mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki nne hadi sita. Nilihesabu kurudi nyuma njiani nikienda nyumbani. Wiki ya tano iliangukia siku ile shemeji aliposhuka kwenye treni. Shemeji alituletea ugonjwa, akangoja ukomae, kisha akatuuzia dawa. Mfanyabiashara wa kweli.

Ilibaki kujipaka nyumba nzima usiku mmoja, kuchemsha nguo na mashuka, na kurudia baada ya wiki. Wanane walikubali. Mama mkwe alikataa: "Mimi sina upele. Ninawashwa tu." Ilibidi mke wangu amwambie kwamba ni losheni ya kulainisha ngozi, imetoka Lubumbashi. Akajipaka hadi akaomba nyingine.

Sasa wiki mbili zimepita tangu tumalize, nami bado najikuna. Anfirmie amenionya: vidudu hufa, ila mwasho huweza kukaa wiki kadhaa, wala nisirudie dawa kwa hofu. Nimemwelewa. Tatizo ni kwamba jana jioni, nikiukuna mkono taratibu chini ya meza tukila bukari, ugali wetu, mama mkwe aliniona. Hakusema neno. Aliinuka, akaenda jikoni, nikasikia kifuniko cha chupa ya mawese kikifunguliwa.