Basi la Sifuri Sita

Mjomba wangu aliingia stendi ya Mbezi saa tano na nusu asubuhi, koti la harusi mwilini, begi mkononi, uso wa mtu aliyewahi. Basi lake la Songea lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili. Kwa hesabu za haraka, muda ule abiria wenzake walikuwa wanachungulia twiga dirishani pale Mikumi, na kiti chake nadhani kilikuwa kimekaliwa na mfuko wa machungwa wa mtu.

Tiketi nilimkatia mimi. Siku zile nilikuwa natamba kwamba kwenda stendi kuvutwa mashati na wapiga debe ni mambo ya kale. Nikiwa sebuleni kwangu Kimara nikabonyeza simu, nikachagua kiti cha dirishani, nikalipa, tiketi ikaja. Nikamtumia mjomba huko Mbagala, alikofikia kwa binti yake. Juu kabisa, kwa maandishi manene, iliandikwa: "Muda wa kuondoka 06:00."

Aliponipigia kutoka stendi nilimwamkia, halafu adabu ikanitoka.

"Shikamoo mjomba. Sasa mjomba, si imeandikwa sifuri sita!"

"Marahaba. Na mimi nimesoma sita," akajibu bila haraka. "Hiyo sifuri iliyokaa mbele ya namba ina thamani gani? Darasa la pili mwalimu alitufundisha haina."

Nilitafuta jibu. Mpaka leo natafuta. Mzee kasoma sita, kaenda saa sita, tena kaongeza nusu saa ya tahadhari. Kosa lake liko wapi?

Aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu mambo haya ndiyo yanayonilisha. Kazi yangu ni kutafsiri menyu za programu za simu na kompyuta kwa Kiswahili. Nimeshiriki vikao vya kubishana kutwa nzima kama kile kidude cha kusogezea mshale kiitwe kipanya, na mjumbe mmoja akapinga kwa hoja kwamba Dar es Salaam kipanya ni daladala ya Hiace. Katika vikao vyote hivyo, saa haikuwahi kuwa ajenda.

Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Karibu na Ikweta jua halina maringo. Mwaka mzima linatoka na kuzama karibu muda uleule, kwa hiyo hesabu yetu inakaa sawa Januari hadi Desemba. Simu inahesabu tangu usiku wa manane. Wengi wetu mjini tukiona 06:00 tunageuza kichwani na kusema saa kumi na mbili, haraka kiasi kwamba hatujui kama tumefanya hesabu. Na ukiiweka simu yako kwa Kiswahili, menyu zitaongea Kiswahili safi kabisa, lakini saa itabaki ugenini.

Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, Donald Norman, alitoa kitabu kuhusu vitu vya kila siku: milango, majiko, simu, swichi. Alieleza kwamba aliyetengeneza kifaa ana picha kichwani ya namna kinavyofanya kazi, na anayekitumia naye ana picha yake. Watu hawa wawili hawaonani. Kifaa ndicho mshenga wao. Mshenga akifikisha maneno nusu, ndoa inavunjika, na lawama anabebeshwa mtumiaji. Nilikuwa nimeisoma hoja hiyo, nimeipigia mstari na kuisimulia kwenye semina. Siku ilipokuja nyumbani kwangu, jambo la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa "Si imeandikwa!"

Nikamfuata mjomba stendi. Njiani kurudi nyumbani, kwa kutafuta msamaha, nikamsimulia habari za ndege za B-17 katika Vita Kuu ya Pili. Marubani wa Kimarekani walikuwa wanarudi salama, wanatua vizuri, halafu ndege ikiwa tayari iko chini wanataka kukunja vibawa vidogo vinavyosaidia kutua, kumbe mkono umekunja magurudumu. Ndege inakaa kwa tumbo kama bata. Ripoti zinaandikwa: kosa la rubani. Mwanasaikolojia mmoja, Alphonse Chapanis, akaingia kwenye chumba cha rubani kutazama. Akakuta nyenzo mbili zimekaa jirani, zinafanana kama pacha. Moja ya magurudumu, nyingine ya vibawa. Dawa yake haikuwa semina ya marubani. Wenzo wa magurudumu uliwekewa kigurudumu kidogo cha mpira, na ule mwingine kipande chenye umbo la kibawa. Mkono ukigusa tu, umeshajua.

"Kwa hiyo na rubani alifokewa kwamba imeandikwa?" mjomba akauliza.

Sikujibu. Nilijifanya natazama foleni.

Usiku huo, saa tatu kasoro, umeme ukaisha kwenye mita. Nilinunua kwa simu, tokeni ikaja: tarakimu 20, zimeshikana bila hata nafasi moja ya kupumulia. Na simu hiyohiyo yenye tokeni ndiyo iliyokuwa na tochi. Ukiielekeza tochi kwenye mita, simu yenyewe inaziba vitufe. Ukiishusha usome, tochi inamulika miguu yako.

Mama Tumaini, mke wangu, akajitolea kusoma, mimi nibonyeze. Akasoma tarakimu 20 kwa pumzi moja kama anayesoma albadiri. Nilikumbuka saba za mwanzo. Zilizobaki nilibonyeza kwa imani. Mita ikakataa. Haikusema tarakimu ipi nimekosea, ikakataa tu, kama mzee wa ukoo aliyenunia ng'ombe wa mahari.

Tukamwita Mangi wa duka la jirani, mtu ambaye vidole vyake vinakimbia kwenye kikokotoo kuliko macho ya mteja. Mangi akabonyeza gizani, bila kutazama, kwa kujiamini kabisa. Mita ikakataa tena. Tukarudia, ikakataa. Ndipo nilipoelewa. Kwenye kikokotoo cha Mangi, saba, nane na tisa zimekaa juu. Kwenye mita, kama kwenye simu, juu ni moja, mbili, tatu. Mpangilio huo wa simu walioupima ni watafiti wa Bell Labs huko Marekani, waliojaribu mipangilio mbalimbali ya vitufe kwa watu kabla simu za kubonyeza hazijaingia sokoni mwaka 1963. Wenye vikokotoo walikuwa na mazoea yao ya zamani, hawakubadili. Ugomvi wa mafundi wa Marekani ukaja kumalizikia ukutani kwangu Kimara, kwenye kidole cha Mangi.

Mjomba alikuwa amekaa kimya kwenye kiti, koti bado mwilini. Akasema, "Mbona mnasoma kama mnakimbizwa? Nyanya sokoni mnanunua moja moja? Si mnanunua kwa fungu? Haya, mkwe, soma nne, nyamaza. Soma nne, nyamaza."

Mama Tumaini akasoma nne, akanyamaza. Nikabonyeza nne. Mafungu matano, dakika moja, taa zikawaka. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika makala maarufu kwamba mtu anayetakiwa kukumbuka vitu kwa muda mfupi hushika kama saba hivi, viwili zaidi au viwili pungufu, na kwamba njia ya kushika vingi ni kuvifunga mafungu. Mjomba wangu hajamsoma Miller. Yeye ameuza nyanya.

Ningeishia hapo ningekuwa nimelala na heshima kidogo. Lakini usiku bado ulikuwa mbele.

Mlangoni mwa sebule yangu kuna ubao mmoja wenye swichi nne zilizopangwa mstari. Fundi alipokuwa anazifunga aliniuliza, "Bosi, ipi iwe ya nini?" Nami nikiwa na haraka zangu nikamjibu, "Wewe weka tu." Akaweka. Ya kwanza ni ya taa ya nje. Ya pili ni ya feni. Ya tatu ni ya taa ya sebuleni yenyewe, hapo hapo ulipo. Ya nne hatujawahi kujua inawasha nini. Mke wangu anaamini kuna jirani anateseka. Sisi wenye nyumba tumezoea. Mgeni huwa tunampa maelekezo akifika, na usiku ule kwa zogo la tokeni tukasahau.

Saa tisa usiku nikasikia mlio wa swichi. Tap. Taa ya nje ikawaka, mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Tap. Feni ikashika kasi, magazeti yangu yakaruka. Tap, tap. Kisha kimya kirefu, halafu zote zikazimwa na kuwashwa tena kwa mpangilio mwingine, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima. Nilipotoka chumbani nilimkuta mjomba kasimama chini ya feni, msuli unapepea, ananitazama kwa huruma.

"Mpwa wangu," akasema, "kumbe na nyumba yako nayo ina sifuri sita."

Lile lilinipata. Kwa ile tiketi ningeweza kumlaumu mtengeneza programu, na kwa tokeni ningemlaumu mwenye mita. Swichi hizi ni zangu. Mimi ndiye niliyesema "weka tu." Norman kwenye kitabu chake anatoa mfano wa jiko la plati nne zilizokaa mraba, huku vifundo vyake vimepangwa mstari, kiasi kwamba mtu anawasha plati ya nyuma huku sufuria iko mbele. Yeye aliwahi hata kutengeneza ubao wa swichi uliofuata ramani ya chumba, kila swichi ikakaa mahali pa taa yake. Mimi niliyepigia mstari ukurasa huo niliishi miaka tisa na swichi inayowasha nisichokijua.

Jakob Nielsen, mtafiti wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba huhitaji kundi kubwa la watu kupima kifaa. Watano tu wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya kasoro. Mimi nilipata mmoja, aliyekosa basi, na kwa saa zisizozidi ishirini alikuwa amemaliza ukaguzi wa tiketi, mita na nyumba. Malipo yake yalikuwa chai na maandazi.

Asubuhi tulibandika karatasi kwenye swichi: NJE, FENI, HAPA. Ya nne mjomba aliiandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa shule ya zamani: USIGUSE. Kisha nikakata tiketi ya pili, na safari hii sikuituma. Nilimsomea kwa mdomo: kesho, saa kumi na mbili asubuhi, jogoo akishawika. Akaitikia, na kwa kuwa hakutuamini tena mimi wala simu yangu, alinigongea mlango saa tisa usiku. Saa kumi tulikuwa stendi, wa kwanza kabisa, tukinywa kahawa na kashata.

Nanyi mnaotengeneza programu za kukatia tiketi, ombi langu ni neno moja tu baada ya zile namba: asubuhi, mchana au usiku. Na kabla hamjaitoa kwa watu, mpeni mjomba mmoja aisome, nanyi mkae kimya mumsikilize.