Waziri wa Maji na mabomba ya darini

Kama unaishi nyumba moja na mama mkwe, kichanga na shemeji mwenye jibu la kila kitu, huhitaji kuelezwa. Keti tu tupeane pole.

Sisi makazi yetu ni Texas, nje kidogo ya Dallas. Tulihamia huku tukiikimbia baridi ya Minnesota, mke wangu akisema hawezi kulea watoto mahali ambapo machozi yanaganda kopeni. Texas ni joto, na nyumba zake zimejengwa kwa kuogopa jua. Kule Minnesota mabomba ya maji huzikwa kina kirefu na yakiingia ndani hupita kwenye kuta za katikati. Huku mengi yanapanda darini, yanapita juu ya vichwa vyenu mkiwa mmelala. Sikuwahi kuulizia yetu yanapita wapi. Mwanamume akishajua bomba linapopita, ndiye atakayeitwa kulitengeneza.

Sasa nimlete mama mkwe. Mimi na watoto tunamwita Waziri wa Maji, naomba yaishie hapahapa. Alikuja kumlea binti yake uzazi wa pili, corona ikamfungia njia, akabaki. Mama ni mtu wa Dodoma, pande zile ambako kiangazi kikishika maji huchimbwa kwenye mchanga wa korongo: unachimba, unasubiri yajikusanye, unachota kidogo kwa kata, unasubiri tena. Aliyekulia hivyo hawezi kuona bomba linachuruzika akapita zake. Maji aliyooshea mchele atayaoshea vyombo, halafu atayamwagia mchicha wake aliouotesha dirishani. Mimi nikioga, yeye hupita koridoni akikohoa. Kikohozi cha kwanza ni salamu. Cha pili maana yake nitoke na povu langu.

Februari 2021 watabiri wa hali ya hewa wakaanza kupiga kelele: baridi inakuja, funikeni mabomba ya nje, fungueni milango ya makabati ya chini ya sinki ili joto la nyumba lifike kwenye mabomba, na usiku acheni maji yatiririke kidogo. Shemeji yangu, Fundi YouTube, akatukusanya sebuleni kutoa somo. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, akasema. Lakini mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Barafu inasukuma maji yaliyobaki kuelekea kwenye bomba la sinki, na likiwa limefungwa, yanakosa pa kwenda, presha inapanda, shaba inaachia. Ukiliacha wazi kidogo, presha inapata mlango. Alisema kweli tupu, nami nampa haki yake, ingawa yeye ni mtu wa kuchora mchoro kwenye bahasha ya bili ambayo haijalipwa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Haya, mwanangu," akasema.

Tulipolala akazunguka nyumba nzima akifunga bomba moja baada ya jingine. Hatukujua. Alituambia mwenyewe asubuhi, kwa sauti ya mtu anayesubiri ahsante: "Baba Salma, mlisahau maji wazi. Nimewafungia."

Kabla sijapata la kujibu kwa adabu, umeme nao ulishakatika. Wenye gridi walisema ni mgao wa zamu. Sisi watu wa Dar mgao tunaujua, tena tuna digrii nao, ila zamu yetu ya kupata haikufika. Tarehe 16 Dallas ilishuka mpaka karibu nyuzi 19 chini ya sifuri, kiasi kisichoonekana hapo tangu 1949. Mabomba yakakauka. Fundi YouTube akapendekeza tuingize jiko la mkaa la uani. Hapo mke wangu, ambaye humwita mdogo wake kwa majina matamu, alimwita kwa jina la ubatizo. Alikuwa sahihi: Houston watu walikufa siku zilezile kwa hewa ya sumu isiyo na harufu, wakijipasha joto na magari yaliyowashwa ndani ya gereji, na mkaa hutoa hewa hiyohiyo. Tukalala wote chumba kimoja, vitenge vyote vya sanduku la Mama juu yetu.

Sasa sikia. Wakati majirani wanayeyusha theluji wapate maji ya chooni, sisi tulikuwa na maji. Mama alipoambiwa hali mbaya inakuja, alifanya afanyalo mtu yeyote wa kwao: alijaza ndoo, masufuria, sinki la kuogea, mpaka chombo cha kupikia wali. Zaidi ya watu milioni 10 Texas walikosa maji au waliambiwa wachemshe kwanza, nasi tunanawa kwa kopo, tukikaguliwa.

Umeme uliporudi tukashangilia. Shemeji akachukua draya ya nywele ya dada yake, akafungua bomba la jikoni, akaanza kulipasha kuanzia upande ulio wazi kurudi nyuma, kama inavyotakiwa. Maji yakaja. Tukapiga makofi. Tukiwa bado tunapiga, rangi ya dari juu ya kochi ikavimba kama shavu la mwenye jino bovu, halafu kipande kizima cha jipsamu kikashuka na pamba zake za pinki zilizolowa, na nyuma yake mvua.

"Koki kuu iko wapi?" mke wangu akauliza. Nilimtazama shemeji. Shemeji akatazama simu yake. Ni jirani, mzee mmoja wa Kitexas, aliyekuja mbio na chuma chenye umbo la herufi T, akafukua kisanduku cha mita karibu na barabara, akazungusha, mvua ikakoma. Mama wakati huo alishaweka ndoo nne chini ya tundu. Ndoo zikijaa anazibadilisha.

Fundi bomba alichelewa sana, maana kila nyumba ilikuwa inamtafuta. Alikata kipande akanipa mkononi: shaba, mpasuko mwembamba usiozidi urefu wa kidole, kingo zake zimegeukia nje. Mtu wa bima naye akauliza kama tuliacha mabomba yakitiririka. Sote tukamgeukia Mama. Alipotafsiriwa kwamba anaulizwa habari ya maji, akanyoosha kidole kwenye ndoo zake kwa fahari. Yule bwana akaandika kitu, akahamia kwenye zulia.

Siku hizi tuna mwafaka. Baridi ikitangazwa, mabomba yanaachwa wazi usiku, ila chini ya kila moja kuna ndoo au beseni, kwa amri ya wizara, na asubuhi tunafulia. Chuma cha T tumenunua, kinaning'inia nyuma ya mlango. Karibu sana kwetu, ila ukilala usiku wa baridi na ukaamka kwenda chooni, washa taa kwanza.