Kioo Mnyoofu na Miwani ya Fundi

Kioo, yule wa dirisha la fundi cherehani, alikuwa anajisifu tena. "Mwanangu Miwani, mimi nimesimama hapa wima miaka yote na sijampotosha mtu. Mwanga unaingia ulivyo, unatoka ulivyo. Wewe na hilo tumbo lako lililotuna, kazi yako kupinda mambo. Fundi akikuvaa, anaona sindano ilivyo au unavyotaka wewe?"

"Shikamoo, mzee wangu," akajibu Miwani kutoka juu ya cherehani. (Mdogo akitaka kumvua nguo mkubwa huanza na shikamoo.) "Tuanze na huo unyoofu. Hewani mwanga huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya kioo hupungua hadi kama 200,000. Ukiingia kimshazari, upande wa wimbi unaotangulia kugusa kioo hupunguza mwendo kabla ya mwenzake, njia ikapinda. Yanakupata hata wewe kila jua linapochomoza. Ila nyuso zako mbili ziko sambamba, kwa hiyo unachokipinda kikiingia unakinyoosha kikitoka, mwanga ukiwa umesogea kando kidogo tu, nawe unajiita mnyoofu! Nyuso zangu haziko sambamba, ndiyo maana kupinda kwangu kunaonekana. Tumepishana umbo, mzee, si uadilifu."

Kioo akakohoa. "Haya. Lakini jicho aliloliumba Mungu linahitaji mpindaji wa dukani?"

"Jicho lenyewe ndilo mpindaji mkuu. Konea, ule utando angavu wa mbele, hufanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kukusanya miale. Lenzi ya ndani humalizia, ikituna zaidi mtu atazamapo karibu. Kwenye miaka 40 hivi inakuwa imekakamaa, haituni vya kutosha, na miale ya tundu la sindano inafika kwenye retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho, kabla haijakutana. Ndipo fundi alipokuwa akiisogeza sindano mbali, mpaka mkono ukaisha urefu. Namba yangu ni +2.00, maana yake miale ya jua ikinipita hukutana sentimita 50 nyuma yangu. Naongeza mpindo uliopungua, basi. Sikatai kwamba nakuza vitu kidogo, lakini ukimnyima fundi mpindo huo unamwachia ukungu, na ukungu nao si sindano ilivyo."

"Mbona yule kijana mteja alikujaribu akaona barabara nzima imefifia? Ukweli gani huo unaomfaa mmoja na kumpoteza mwingine?"

"Yule haoni mbali. Jicho lake ni refu mno, miale inakutana kabla ya kufika kwenye retina, nami nikazidi kuiwahisha. Anahitaji lenzi iliyobonyea katikati, ya kuitawanya kwanza. Kosa ni la aliyenivaa bila kupimwa."

"Kwa hiyo na mimi napinda?"

"Tangu ulipopachikwa."

Fundi akarudi, akavaa Miwani, akasogea kufunga dirisha. Akaona madoa ya nzi, akaagiza kitambaa na sabuni.