Kwamsisi Ipi?

Mtoto wa miaka 5 akinyooshea chupa kidole na kutamka "Fanta", wazazi huanza kumtafutia shule ya wenye vipaji. Wangoje kidogo. Yafunike maandishi kwa kiganja, muulize tena, naye atajibu "Fanta" bila kusita, maana alichokisoma ni rangi ya chungwa. Ndiyo maana akitumwa majani ya chai hurudi na sabuni ya unga, kisa pakiti zote mbili ni za kijani. Sina ugomvi na wanaotaka mtoto afundishwe kwa vitu vinavyomzunguka. Kuanzia 1968 mradi wa UNESCO wa Kanda ya Ziwa ulifundisha watu wazima kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba na uvuvi, na mkulima alijikuta darasani anazungumziwa shamba lake. Ubishi wangu ni juu ya kitu cha kuanzia. Pakiti ni msimamizi wa mtihani anayevujisha majibu. Kibao cha kijiji hakina huruma hiyo.

Na kwa vibao, wilaya za Handeni na Korogwe zimejaliwa. Upande wa Handeni kuna Kwamatuku, Kwaluguru, Kwachaga, Kwasunga, Kwamgwe na Kwamkono. Ukivuka kwenda Korogwe unapokewa na Kwagunda, Kwashemshi na Kwamndolwa. Mtoto aliyezoea kubahatisha huona "Kwa", kisha hutaja kwa furaha kijiji anakokaa bibi yake. Hapa kubahatisha hakulipi. Sharti aende hadi herufi ya mwisho. Nyenzo anazo: irabu 5 zisizogeuka sauti, na silabi anazoimba darasani. Atajikwaa kwenye "mndo" na "mgwe", sikatai. Lakini kujikwaa ni dalili ya kusoma; "ba, be, bi, bo, bu" ataiimba hata akiwa amefumba macho, na wapo wanaoiimba hivyo hivyo mpaka darasa la tatu.

Mbishi ataniambia kwamba kusoma jina hakumfikishi mtu popote. Ana hoja. Kwamsisi moja ni kata ya Wilaya ya Handeni, nyingine ni kata ya mji wa Korogwe. Mji huohuo wa Korogwe una kata iitwayo Bagamoyo, na Chanika ya Handeni si ile ya Dar es Salaam, ingawa abiria aliyelala kwenye basi anaweza kuamini vinginevyo. Hata hivyo, mtoto anayesoma "Bagamoyo" akiwa Korogwe kisha akauliza bahari iko wapi amesoma vizuri kabisa. Kilichompungukia ni jiografia, na hilo ni swali ambalo mtoto wa kubahatisha rangi hawezi hata kulifikia.

Hoja nzito zaidi inatoka jikoni, na hii inanikera kweli. Nyumbani kwetu maandishi yanadanganya. Kopo la Blue Band lina vifungo na sindano, ndoo ya rangi ina maji ya kunywa, na chupa iliyoandikwa maji ina mafuta ya taa. Mtoto tunayemsihi asome kilichoandikwa ndiye tunayemtegea mtego, na wa mafuta ya taa hauchekeshi hata kidogo. Wengine huona hii ni sababu ya kuachana na maandishi, wamfundishe mtoto kunusa. Mimi naona ni sababu ya kumpa kalamu ya wino mzito na kipande cha karatasi aandike mwenyewe MAFUTA YA TAA, hata kama atasahau herufi moja, kisha mzazi aibandike na chupa aipeleke juu mtoto asikofika.

Tatizo litakalobaki ni kwamba msomaji mpya hanyamazi. Atasoma kwa sauti tarehe ya mwisho wa matumizi mbele ya mwenye duka, na jirani aliyeandika "Mbwa Mkali" ataulizwa mbwa yuko wapi. Akikuta "Leo taslimu, kesho mkopo", kesho yake asubuhi atakuwa amesimama kaunta anadai sukari ya mkopo, na mwenye duka hatakuwa na la kujibu zaidi ya kumwonesha kibao kilekile.