Sifa za Suti Inayovuja

Kanzu imesifiwa, khanga imesifiwa, hata kaunda suti ina watetezi wake mpaka leo. Suti ya kuzamia haijampata hata mmoja. Anayeivaa huilalamikia, anayemtazama aliyeivaa hucheka, na muuzaji huinadi kwa rangi ya michirizi yake ubavuni, kana kwamba papa atauliza. Basi kazi hiyo nipewe mimi mtu wa Nambambo, Nachingwea, niliyekulia kwenye maji ya dumu na ndoo. Nachingwea haina bahari, kwa hiyo haina upande katika kesi hii.

Nianze na sifa yake kuu, nayo ni kuvuja. Koti la mvua likivuja, mwenyewe hulirudisha dukani kwa hasira. Suti ya kuzamia imeshonwa ikijua kwamba itavuja. Maji huingia shingoni, kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, yakatanda kama utando kati ya mpira na ngozi, mwili ukayapasha joto, yakatulia humo. Joto halilindwi na ukavu. Linalindwa na mpira wenyewe, maana umejaa vipovu vidogo vya gesi. Aliyeling'amua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 ni Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi wa Marekani wa bomu la atomiki. Waliomtangulia walihangaika kumfanya mzamiaji awe mkavu chini ya maji. Yeye akaona hakuna haja, mtu na alowe tu. Mpira wa neoprini wenyewe ulikuwa umeshapatikana katika maabara za kampuni ya DuPont tangu 1930. Bradner hakutajirika kwa ugunduzi wake, na mimi sishangai. Hebu jaribu kumuuzia mtu sifa hiyo. Mimi nilijaribu kwa mjomba wangu.

"Na hili vazi ni la nini?"

"La kuzamia baharini, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa hiyo hapa maji hayapiti."

"Yanapita, mjomba."

Akaligeuza. Akavuta mkono mmoja wa suti mpaka ukarefuka, akauachia, ukamchapa kidoleni.

"Mwenye duka anajua kwamba yanapita?"

"Anajua."

"Na akakuuzia hivyo hivyo."

"Ndiyo, mjomba."

Akauliza bei. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema korosho za mwaka huu kumbe zilikuwa nzuri kweli.

Mjomba ana hoja nyingine, ambayo wengi wanayo: bahari yetu ni ya joto, mpira wa nini? Wazamiaji wa pweza wa Kilwa na Mtwara huingia na kaptula na fulana iliyochoka, wakatoka wazima. Ni kweli. Lakini hao wanapiga mbizi, wanaibuka, wanahema, wanachapa kazi muda wote. Mwenye mtungi wa hewa mgongoni hukaa chini dakika arobaini au zaidi, na akiwa na adabu hajitikisi sana, maana kujitikisa kunamaliza hewa. Maji hunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa, kama mara 25. Bahari ya nyuzijoto 28 mtu huiita uji akiingia mpaka magotini. Mwili wake una 37, na tofauti hiyo inalipwa na yeye. Mbizi ya kwanza atasema hahisi kitu. Ya pili meno yatamjibu.

Hapa ndipo ninapoipenda suti zaidi, kwa sababu haijali kalenda ya mkulima. Fedha ya Nachingwea huja na minada ya korosho, kuanzia Oktoba hivi, na kaskazi nayo inakaribia: bahari inatulia, maji yanapanda kuelekea nyuzi 29, papa potwe wako Mafia, mifuko imetuna. Kijana anaingia dukani na joto hilo kichwani, anachagua suti fupi ya kuishia mapajani, tena ile nyembamba kabisa. Kisha inakuja kusi. Julai na Agosti maji ya pwani yetu hushuka hadi nyuzi 25 au 26, na upepo wa kwenye boti humkuta mtu ameibuka amelowa chapachapa. Suti ya kwanza ichaguliwe kwa kuufikiria mwezi wa baridi. Milimita 3, ya mikono mirefu na miguu mirefu, humtosha mzamiaji wa kawaida kuanzia Msimbati hadi Pemba. Anayesikia baridi upesi achukue ya 5. Ile ndefu ina faida nyingine: konyeza, na matumbawe yale yanayounguza, havitapata ngozi ya kuchezea.

Sifa ya pili ni kubana. Nguo nyingine hushirikiana na mvaaji kuficha mambo. Hii hutangaza chakula cha miaka kumi. Kuivaa ni kazi ya kutoa jasho. Mtu huingiza mguu, ukagoma kisiginoni. Wenyeji wa kazi hiyo walikuwa wakivaa kwanza mfuko wa plastiki mguuni ili uteleze. Tangu Juni 2019, mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, tumia soksi nyembamba. Usivute kwa kucha, utautoboa mpira. Bana kwa nyama za vidole, pandisha kidogo kidogo, goti kwanza, kisha paja, kisha pumzika. Zipu iko mgongoni, ndiyo maana ina ule ugwe mrefu. Anayeona zipu kifuani mwake kwenye suti ya namna hiyo ameivaa mbele nyuma, na ataanza upya.

Ila kubana kuna kipimo. Chuchumaa. Nyoosha mikono juu. Vuta pumzi mpaka mwisho. Ukishindwa kuvuta pumzi, ni ndogo. Pakibaki pengo kiunoni nyuma, kwapani au shingoni, ni kubwa, na kila utakapopiga miguu maji ya uvuguvugu yatatoka na ya baridi yataingia, yaani umelipia mfereji. Saizi zilizoandikwa kwenye lebo usiziamini, kila kiwanda kina mwili wake kichwani. Sisi wa Nachingwea hatuhitaji kufundishwa gharama ya kutopima. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake. Mashine zikaja, na reli ikajengwa kutoka pwani kabla udongo na mvua havijaulizwa maoni. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, na reli yenyewe baadaye ikang'olewa. Suti ijaribiwe dukani, hata kama jasho litakutoka mbele ya watu.

Sifa ya tatu huwa wanaisahau: suti haitaki kuzama. Vile vipovu vinaelea, kwa hiyo anayenunua vazi la kuzamia hulazimika kununua na risasi za kiunoni ili vazi limruhusu kuzama. Akishafika mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, vipovu vinasinyaa, mpira unakuwa mwembamba, na mzamiaji anaanza kuzama upesi kuliko alivyopanga. Joto nalo linapungua hapo hapo. Kwa hiyo pima risasi upya kila unapobadilisha suti. Mpya huelea zaidi ya iliyokwisha kuchoka. Ni vazi linalobishana nawe juu na kukutelekeza chini, nami nimefanya kazi na watu wa namna hiyo kwa miaka mingi bila kupata kinga yoyote ya konyeza.

Harufu nitaipitia haraka. Baridi chini ya maji husukuma mkojo, zipu iko mgongoni, choo kiko ufukweni. Mengine kila mtu anayajua. Suti ya kukodi imeyajua ya watu wengi, na hiyo ni sababu tosha ya kununua yako. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje, hata kama ndoo umeinunua. Usiianike juani, mpira utakakamaa na kupasuka. Usiikunje, alama ya mkunjo haitoki. Itundike kivulini kwa kiango kinene cha mabegani.

Yangu niliitundika chini ya mwembe, miguu ikining'inia. Magharibi ilipoingia, mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi aliikuta pale, akainamisha kichwa, akaiamkia shikamoo, kisha akasimama kungoja marahaba.