Namba ya Sokwe

Shemeji yangu ni fundi wa viyoyozi mjini Kansas City. Mtu anayeshinda na kompresa za watu kutwa nzima, jioni hupumzika kwa kompresa yake mwenyewe. Ndiyo maana gereji ya nyumbani kwake haina gari. Ina sokwe.

Sokwe mwenyewe ana jina: Fatz Geronimo, mpiga kinanda wa Rock-afire Explosion, bendi ya wanyama wa mashine waliobuniwa Orlando na Aaron Fechter na kampuni yake ya Creative Engineering. Mwaka 1980 mgahawa wa kwanza wa ShowBiz Pizza Place ulifunguliwa hapahapa Kansas City, watoto wakawa wanakula piza huku wakiimbiwa na dubu, mbwa na panya. Ndani ya kila mnyama mna mifupa ya chuma, silinda na mipira ya hewa. Utepe uliobeba nyimbo ulibeba pia ishara za kufungulia vali. Vali ikifunguka hewa inasukuma, kope inafumba au mkono unanyanyuka. Shemeji aliposikia habari ya hewa na vali, hakuuliza tena bei.

Muuzaji alimwapia kwamba sokwe huyu hajawahi kuguswa. Kwa wakusanyaji wa vitu hivi kiapo hicho ni kizito, kwa sababu wengi wa wanyama hao waliguswa, tena vibaya. Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa Atari, alikuwa na mgahawa wake wa aina hiyo tangu 1977, uliotawaliwa na panya aitwaye Chuck E. Cheese. Ulipofilisika mwaka 1984, ShowBiz wakaununua. Sasa mwenye mali ni mmoja, bendi ni mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaamuliwa kwamba panya ndiye atakayebaki, na bendi ya Fechter ikavuliwa manyoya na kuvishwa sura nyingine juu ya mifupa ileile. Fatz akawa Mr. Munch, zimwi la rangi ya zambarau. Mbwa mpiga ngoma akawa mpishi wa Kiitaliano. Mitzi, panya wa kike, akawa kuku. Mimi natoka Tanga, mji unaosingiziwa kila aina ya watu kugeuzwa vitu, na sijapata kusikia panya kugeuzwa kuku.

Miaka ilipopita wakusanyaji wakaanza kuwageuza tena kuwa walivyokuwa. Kwa hiyo ushahidi ukawa vibati vya namba, na shemeji akaniita nishike tochi.

Namba zilikuwepo, tena nyingi kuliko sokwe mmoja anavyostahili. Ya kwanza ilikuwa ya aliyetengeneza silinda. Ya pili ilikuwa ya mkaguzi wa umeme. Ya tatu iliandikwa na mgahawa wenyewe, kama viti vya ofisi za serikali kwetu vinavyopakwa namba ili visitoroke. Ya nne, kwenye kibati kilichokwanguka kifuani kwa ndani, ndiyo iliyomtoa shemeji jasho. Tarakimu mbili za mwanzo akazifanya mwaka, mbili zilizofuata akazifanya mwezi, mpaka tukafika mwezi wa 17. Akasema basi hiyo itakuwa wiki.

Ili kumsomea tarakimu za mwisho ilinibidi nifungue zipu ya mgongoni na kupenyeza kichwa na mabega ndani ya sokwe. Hapo ndipo mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alipobisha hodi kwenye mlango ulio mbele ya huyo mnyama. Mkwe hakai kimya mbele ya mkwewe, hata akiwa wapi.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka kifuani mwa Fatz.

Shemeji alikuwa anajaribu kompresa. Mdomo wa sokwe ukafunguka na mkono ukanyanyuka kwa adabu.

"Marahaba, baba," akaitikia mama mkwe. "Hujambo?"

Kisha kikafuata kimya. Nilisikia akisoma dua yote, taratibu, bila kuruka herufi.

Nilipotoka, nimejaa vumbi la mpira uliooza, alikuwa keshatulia na ameivaa miwani. Ameshona nguo za watu miaka yote, na hawezi kusimama karibu na mshono bila kuupekua. Akamkamata sokwe shingoni, akageuza upindo, akachomoa kitu kilichoganda kwenye gundi na kukiweka kiganjani mwa mwanawe: kishungi cha manyoya ya zambarau.

"Nguo hii si ya kwanza," akasema. "Na aliyeishona hii ya pili alikuwa na haraka."

"Lakini mama, namba..."

"Namba imevaa nini?"

Shemeji akampigia muuzaji papo hapo. Yule bwana hakubabaika hata kidogo. Alisema maneno yake yako palepale: kilichokuwa hakijaguswa ni kibati.